Mtani wa Bibi Mwaija

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yusra alifagia uwanja wao pale Manundu, akamwekea bibi yake uji barazani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Basi, ndiyo imetoka hiyo. Shangazi Fatu, binti pekee wa Bibi Mwaija, alifariki akijifungua kabla Yusra hajazaliwa, na tangu hapo Bibi hakuwa mtu wa maneno. Nyumbani humo jina la Fatu halikutajwa. Yusra alitamani siku moja tu amwone bibi yake akicheka.

Ndipo akahamia jirani Bibi Hosiana, Msambaa aliyeteremka kutoka Bungu kuja kuishi na mwanawe. Huyo mama hakuwa na haya hata kidogo.

"Nasikia humu anakaa Mzigua wa Handeni," alisema siku ya kwanza. "Nimekuja kuona kama kweli mnalala kutwa mkisubiri mvua."

Bibi Mwaija alimtazama. "Keti. Ninyi wa milimani hata penye tambarare mnatembea mmeinama."

Yusra alishangaa. Matusi, tena barazani kwao! Ikawa hivyo kila jioni. Alivumilia mpaka siku Hosiana aliposikia kwa majirani habari za Fatu, akaja akasema, "Fatu wako alikukimbia, mtani. Ugali wako mgumu nani angeuweza?"

Bibi alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Yusra alipandwa na hasira. Alimfuata mgeni hadi njiani, akamwambia, "Bibi amesema usije tena." Uongo mtupu.

Hosiana hakuja kesho yake, wala siku zilizofuata. Bibi alikaa akiangalia njia, na uji ukawa unarudi jikoni kama ulivyokwenda. Yusra aliogopa; bibi yake alikuwa anadhoofika.

"Mjukuu wangu, mtani wangu anaumwa?" Bibi aliuliza.

Yusra alilia. "Haumwi, Bibi. Mimi nilimfukuza. Alikutukana mpaka ukalia."

"Hakunitukana. Sisi na Wasambaa ni watani tangu mababu. Mtani huja hata msibani akamtania marehemu, na hakuna anayekasirika. Nililia, ndiyo, lakini ndani ya kanga ile nilikuwa nacheka pia. Fatu mwenyewe aliulalamikia sana ugali wangu! Miaka yote hii watu wananinyamazia kana kwamba sikumzaa. Hosiana ndiye aliyenirudishia jina lake."

Yusra hakungoja kutumwa. Alimkuta Hosiana akimenya ndizi.

"Shikamoo, Bibi. Nilikudanganya. Bibi hakusema usije. Naomba unisamehe."

Hosiana aliweka kisu chini, akashusha pumzi. "Kumbe. Nilidhani nimemuumiza, nikawa silali. Haya, faini yako unibebee kigoda. Viti vya Wazigua mimi siviamini."

Bibi Mwaija aliwapokea njiani.

"Umefuata chakula, Msambaa?"

"Nimekuja kukufundisha kusonga ugali."

Bibi alicheka, akacheka kwa sauti mpaka wapita njia wakasimama. Jioni ile alisimulia habari za Fatu tangu utoto wake, na Yusra akamjua shangazi yake kwa mara ya kwanza. Furaha ilimjaa hadi machozi yakamtoka.

"Umeona, mjukuu wangu?" Bibi alisema. "Kuuliza si ujinga. Ungeniuliza, usingesema uongo. Lakini ulipokosea ulikiri, na leo nimempata rafiki uzeeni, na mwanangu naye nimempata tena."

"Na ugali?" Hosiana akauliza.

"Ugali utakula hivyohivyo."