Vyungu Visivyo na Maua

Jumamosi ile soko la Kirkgate, mjini Leeds, lilifurika watu wakipigana vikumbo. Hazel Naylor, mwoka mikate, kitambaa cha manjano kichwani na harufu ya hamira nguoni, alishika trei ya mwisho ya miche ya maua ya petunia akavuta. Trei haikuja. Upande wa pili ilishikwa na mwanamume mrefu, koti lake la kijani lina viraka viwikoni.

"Nimeishika kwanza mimi," Hazel akasema.

"Umeishika vibaya, mama. Unaiminya miche."

"Nikishalipa nitaiminya nipendavyo."

Mwanamume akacheka, akaachia. "Ni ya nini?"

"Ya maonyesho ya maua. Wanawake wa kanisani wamenikabidhi bustani nzima ya vyungu, na mimi hata kitunguu sijawahi kupanda. Nikiwaaibisha, Jumapili nitauweka wapi uso wangu?"

"Jua unalo nyumbani?"

"Ua wangu una kuta pande tatu. Jua hupita likinipungia mkono tu."

"Vilete kwangu. Nina banda la vioo kwenye vishamba vya kukodi, nyuma ya reli. Naitwa Rufus Oldroyd."

Macho hayana pazia. Hazel alimtazama kidole. Hakikuwa na pete.

Basi kila jioni, akitoka kuoka, Hazel alikwenda bandani. Walipanda pamoja: jeraniamu nyekundu katikati, petunia nyeupe kuizunguka, lobelia ya buluu ukingoni ili iteremke kama ushanga. Rufus aligusa mizizi kama mtu anayemfunga mtoto nepi. Hazel aliyaona hayo, akazidi kudadisi.

"Mtu anayejua maua hivi, mbona wewe huonyeshi?"

"Mwaka huu siwezi."

"Kwa nini?"

"Mwagilia hicho, kinakauka."

Usiku simu ya Hazel ililia; alikuwa Rufus. "Umelala, kipenzi?"

"Nimelala. Ndiyo maana nimepokea."

"Nilitaka kusikia sauti tu."

"Ya jeraniamu au yangu?"

Petunia zikachanua mapema, na Hazel akazichukulia kuwa dalili njema. Kisha shoga yake Doreen akampigia. "Hazel, huyo Oldroyd wako yumo kwenye maonyesho. Nimemsikia katibu akimtaja. Na wewe umempelekea vyungu vyako! Umempa fisi bucha."

Hazel hakungoja jioni. Alifika bandani na aproni yake, akakuta vyungu vyote ni vipara. Maua yote yalikuwa ndani ya ndoo, na Rufus kashika mkasi.

"Umefanya nini?"

"Nimeikata miche ncha. Maua yakichanua sasa, siku ya maonyesho utaonyesha majani. Subiri, yatarudi maradufu."

"Yatarudi! Kwani ni njiwa hayo? Nimeambiwa umo kwenye maonyesho. Kweli si kweli?"

Rufus akaweka mkasi chini. "Nilikuwamo."

"Alaa! Na kila nikikuuliza, mwagilia hicho!"

"Hazel, sikiliza..."

"Nilisikiliza mno. Nishikie mlango."

Akamshikia. Hazel akavipakia vyungu kwenye gari la mikate, kimoja kimoja, akavipanga uani kwake kwenye kivuli. Rufus alimpigia simu mara nyingi. Hakuipokea.

Kanisani wanawake walimuuliza habari za bustani, naye akajibu, "Mungu ni mwema," akabadilisha mazungumzo.

Asubuhi moja akimwagilia, aliinama kutazama. Kila shina lililokatwa lilikuwa limegawanyika mawili, na kila tawi lina vitumba vya maua vidogo kama punje za mchele. Alihesabu, akachoka. Kumbe yule mtu alisema kweli! Lakini siku zilipita na vitumba vikabaki vimefumba, maana jua halikuwapo, na maonyesho yalikuwa yakikaribia.

Mficha uchi hazai. Alipiga simu.

"Rufus, ni mimi."

"Najua."

"Nilikukosea. Vyungu vimejaa vitumba, ila havifunguki."

"Fungua mlango wa nyuma," Rufus akasema. "Nakuja na gari, vikapate jua bandani."

Siku ya maonyesho, ndani ya hema kubwa bustanini, vyungu viliwaka nyekundu, nyeupe na buluu, hata waliopita wakasimama. Bibi Pickles, katibu, akaja na kofia yake ya ukindu.

"Kumbe ndiwe uliyetunyang'anya mwamuzi!"

"Mwamuzi gani?"

"Oldroyd. Nafasi hiyo kaisubiri miaka. Mara akanipigia: kuna vyungu nimevitia mkono, siwezi kuvihukumu. Na wakati huo hata havijachanua!" Kisha akapiga kengele. "Washiriki wote nje! Waamuzi wanaingia!"

Nje kulikuwa na manyunyu. Rufus alisimama na vikombe viwili vya chai.

"Mbona hukusema siku ile nakutukana?"

"Ulikuwa unafoka vizuri, sikutaka kukukatiza." Kisha akaacha mzaha. "Ungejiona una deni. Sikutaka unirudie kwa ajili ya deni."

Hazel akanywa chai, asijue ni tamu au chungu. Kengele ikalia tena, watu wakakimbilia ndani kusoma kadi. Yeye akamshika Rufus mkono.

"Huendi kuona?"

"Ngoja. Mwakani wakikuita tena, utaamua?"

"Wakinitaka, kwa furaha."

"Basi mimi sitaonyesha tena. Mume hawezi kuhukumu vyungu vya mkewe."

Kikombe cha Rufus kikasimama njiani. "Hazel, hiyo ni posa?"

"Ni posa. Jibu kabla sijaingia, nisije nikawa nimeshindwa ukanikubali kwa huruma."

"Nakubali," Rufus akasema. "Nakubali, mpenzi wangu."

Bibi Pickles akatoka hemani na utepe wa mshindi mkononi, akiita, "Naylor! Hazel Naylor yuko wapi?" Akawaona. Akafumba mdomo, akarudi ndani polepole, akaliteremsha pazia la hema.