Mate Meupe

Weka mkono kifuani, uape hutamwambia mtu. Haya. Na mimi niliapa hivyohivyo mbele ya Kristina, kwa Biblia yake mwenyewe, kwa hiyo nakuambia wewe tu. Wewe, na mama muuza dagaa, na wale wanakwaya wawili. Basi.

Kristina wa hapa Iguguno, yule mwenye mashine ya kukamua alizeti, alianza kusikia kutafuna. Mchana kweupe, anakunja nguo, huko stoo: kru, kru, kru. Akadhani panya. Akatega mtego. Aliporudi kuutazama ulikuwa mtupu, na juu yake pamepangwa maganda ya karanga.

"Hezekia, umekula karanga?" alimuuliza mumewe.

"Karanga za wapi, mama? Si wewe uliyezipiga marufuku humu ndani?"

Ilikuwa wiki ileile Peniel, aliyesoma naye shule ya msingi, alipoandika kwenye grupu la wasapu kwamba waliosoma pamoja wakutane, tena uwanjani kwa Kristina, ndiye mwenye nafasi. Watu wakashangilia. Kisha Peniel akaongeza: "Nimempata Amne. Yuko Misigiri. Amekubali kuja."

Kristina akailaza simu kifudifudi.

Sasa sikia. Zamani watoto walipanda karanga shamba la shule, na mbegu zikipungua mwalimu aliwapanga mstari wateme mate. Mwenye mate meupe ndiye aliyezitafuna, ndiye mwizi. Siku ile kiranja aliyebeba kopo la mbegu alikuwa Kristina, na ndiye aliyetumwa kukagua vinywa. Yeye nani angemkagua? Alipita, akapita, akasimama kwa Amne, yatima, kandambili zimefungwa kwa waya. "Meupe, mwalimu!"

Amne akafungiwa stoo ya shule, wakamsahau humo mpaka asubuhi. Alitoka peke yake, lakini waliomfungulia waliapa kwamba mle ndani kutafuna kuliendelea. Hakurudi shule tena. Wakambandika jina: Jini Karanga.

Kristina akamwita bibi mmoja wa Singida mjini, anayetoa majini. Bibi akafukiza ubani mlangoni pa stoo. Moshi ukaingia, ukarudi, ukamfuata Kristina usoni.

"Mwanangu," bibi akanong'ona, "huyu haondoki kwa moshi. Uliwafungia wote wawili, yeye na yule mtoto, kwa neno lako. Sema neno jingine, mbele ya waliolisikia la kwanza."

"Samahani bibi, lakini hapana. Mimi ni mzee wa kanisa. Nikisema hilo nitatembea wapi?"

"Basi litajisema."

Toka hapo kukawa hakulaliki, maana kutafuna kulitoka stoo kukaja ukumbini, kukatoka ukumbini kukaja chini ya kitanda, na harufu ya karanga mbichi na udongo uliolowa ikajaa kwenye mito, kwenye maji ya kunywa, kwenye kitenge alichotoka kukianua juani, mpaka Hezekia akakimbilia kwa dada yake, na Kristina akibaki peke yake alisikia kule kutafuna kukipanda shingoni, kukizunguka sikio, kukikaribia taya lake mwenyewe.

Siku ikafika. Turubai, pilau, nyimbo za mchakamchaka. Na mimi jirani ningekosaje? Nilikuwa kwenye sufuria. Amne akaja, mwembamba, mtandio wa kijani, akakaa kiti cha mwisho. Hakuna aliyejua amwite nani.

Kristina akasimama kukaribisha wageni. Jasho jingi. Nikajua, sasa anasema. Akamtazama Amne, akawatazama wenzake, akatabasamu lile tabasamu la kanisani.

"Na dada yetu Amne, karibu sana. Yale ya utotoni... sisi tulishakusamehe."

Kru.

Tuliisikia wote. Taya la Kristina likaanza kwenda lenyewe. Akalishika kwa mikono miwili; likaendelea, kru, kru, na stoo nyuma yake kimya kabisa. Uji mweupe ukamchuruzika kidevuni, ukadondoka juu ya gauni la kitenge. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi, nakuapia, mimi ndiye niliyekuwa nikimbembeleza anywe chai.

Peniel akainuka taratibu, uso umempauka.

"Kiranja," akasema. "Tema."

Akatema. Zikaanguka mezani mbegu, nyingine zimesagika, nyingine nzima, zimeshaota vichipukizi.

Amne akaja mpaka mezani, akaziangalia.

"Mimi siku ile, Kristina," akasema, "hata mate yenyewe sikuwa nayo."