Rayan na Mashine ya Kifaransa

Nyumba ya Thabit ilikuwa na lugha nne kabla jua halijapanda. Bibi Ghanima alisoma dua zake kwa Kiarabu. Thabit, muuza vipuri vya pikipiki sokoni Jabe, alifoka kwenye simu kwa Kiswahili. Muuza maziwa aliita mlangoni kwa Kirundi. Redioni watu walibishana kwa Kifaransa. Katikati ya kelele zote hizo Rayan, mwenye miaka minne, alikaa kimya kama mgeni.

Nawal, mama yake, alikuwa amezoea kila kitu isipokuwa kimya hicho. Watoto wa rika la mwanawe walijua hata kutukanana. Rayan alicheka, alilia, alivuta nguo yako akitaka kitu. Neno hakuwa nalo.

Shule ya watoto wadogo ilikuwa imewaita. "Lugha za nyumbani kwenu ni nyingi, zinamchanganya mtoto," mkuu wa shule alisema. "Asipoanza kuongea kabla ya likizo, nafasi yake tutampa mwingine."

Jioni hiyo Thabit alirudi na boksi chini ya kwapa. Ndani mlikuwa na mashine ndogo ya michezo, ya kushika mkononi, yenye picha na sauti ya mwanamke.

"Dawa ni hii," alisema. "Inafundisha watoto Kifaransa. Kuanzia leo, humu ndani ni Kifaransa tu."

"Na mimi?" aliuliza Bibi Ghanima. "Kifaransa sijui. Mjukuu wangu nitamwambia nini?"

"Mama, utanyamaza kidogo. Mpaka mutoto ashike."

"We Thabit! Nimevumilia makelele yako tangu siku niliyokuzaa, leo unanifunga mimi kinywa?"

Lakini alinyamaza. Alimpenda mjukuu wake kiasi hicho.

Nyumba ikageuka kaburi. Nawal alimwita mwanawe kwa Kifaransa cha kuokotaokota. "Viens," njoo. "Mange," kula. Alijiona kama mtumishi katika nyumba ya wenyewe. Usiku nyimbo za kumbembelezea zilimkaa kooni.

Rayan aliipenda mashine. Kwenye mchezo wa kuoanisha picha alikuwa mwepesi kama panya: ua kwa ua, samaki kwa samaki. Lakini sauti ilipomwambia amguse ng'ombe, aligusa bata. Alipoambiwa bata, aligusa mwezi. Kisha alikuwa na tabia moja iliyomkera baba yake. Aliikandamiza mashine kwenye taya, au akaiuma kwa meno, akafumba macho.

"We, unakula mashine?" Thabit alimchapa mkono. "Kichwa cha huyu mutoto kimefungwa. Sijui nimemukosea nini Mungu."

Nawal alimvuta mwanawe pajani. Likizo ilikuwa inakaribia, na tumaini lake lilikuwa limekwisha.

Siku moja jirani yao Adélaïde, mwalimu wa watoto wadogo huko Mutanga Nord, aliingia kuazima kinu. Alimkuta Rayan na mashine tayani. Akasahau kinu.

"Mama Rayan, anafanya hivi kila siku?"

"Kila siku. Anapigwa, anarudia."

Adélaïde alichuchumaa. Alimwonyesha Rayan picha ya ua kwa kidole. Rayan aligusa ua mara moja. Kisha Adélaïde akafunika mdomo wake kwa kitenge, akasema polepole, "Gusa samaki." Rayan aliutazama uso wake, akautafuta mdomo, akagusa mwezi.

"Kichwa chake ni kizima," Adélaïde alisema. "Na masikio? Yaliwahi kutoa maji?"

"Usaha, tangu ana miaka miwili. Unakuja, unaenda. Banasema ni wa kuota meno. Bibi anatia mafuta ya moto kidogo."

"Meno yalishatoka zamani, jirani. Usaha wa sikio ni ugonjwa. Na mafuta usitie tena, wala maji ya majani."

Thabit alisimama mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Mutoto wangu si kiziwi!" Alichukua sinia la bati, akalibamiza sakafuni nyuma ya Rayan. Mtoto alishtuka, akageuka. "Umeona, Madamu? Umeona?"

"Baba Rayan, sinia linatikisa sakafu. Maneno hayatikisi sakafu. Hata mashine anaibana kwenye taya ili asikie mtetemo wake. Mi si daktari, lakini muite tu. Kwa sauti ya kawaida, ukiwa nyuma yake."

"Rayan, njoo," Thabit aliita kwa Kiswahili. Mgongo mdogo haukusogea. Aliita kwa Kifaransa. Aliita kwa Kirundi. Mwishowe, kwa sauti iliyokatika, alimwita kwa Kiarabu cha Bibi Ghanima. Hakuna lugha iliyomgeuza.

Thabit akakaa chini, hapo hapo sakafuni.

Hospitalini daktari wa masikio alipima kwa utulivu. Hakuwapa maneno matamu. "Usaha wa muda mrefu umeharibu sikio la kulia. La kushoto linasikia kidogo. Dawa itakausha ugonjwa. Kilichoharibika sitawaahidi kwamba kitarudi chote. Sikio likitoa usaha, mtoto aletwe mapema."

"Na lugha nyingi, Dogiteri?" Nawal aliuliza.

"Lugha nyingi hazimfungi mtoto kinywa. Mtoto hujifunza kusema kutoka kwa mtu anayemtazama na kumjibu. Mashine haimjibu."

Walikwenda shuleni na karatasi ya daktari. Nafasi ilikuwa imeshatolewa. Adélaïde ndiye aliyewaombea nafasi shuleni kwake, akamkalisha Rayan mbele, karibu na mdomo wake.

Nyumbani walibadilika. Walikausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, wakalikinga na maji wakati wa kuoga. Hakuna aliyemsemesha Rayan akiwa nyuma yake tena. Kila mtu alishuka mpaka usawa wa macho yake, akasema lugha yake mwenyewe. Mashine ilichezwa na wawili, zamu kwa zamu, na kila picha ilitajwa kwa mdomo wa mtu.

Miezi ilipita mikavu. Nawal alisema maneno yaleyale mpaka ulimi ukachoka, na mtoto akamtazama tu. Mara nyingi alilia akipika.

Asubuhi moja Nawal alimmiminia Rayan chai, Thabit amekaa kando yao mkekani. "Chai," alisema mbele ya uso wake, kama kawaida. Rayan akafungua mdomo.

"Ai."

Sauti ilikuwa nene, bila mwanzo, kama ya mtoto wa mwaka mmoja. Naye alikuwa anakaribia miaka mitano. Nawal aliona yote mawili kwa pamoja, alichopata na alichopoteza.

"Ai," Rayan alisema tena. Kikombe chake kilikuwa kimejaa.

Nawal alimmiminia tena. Chai ikafurika, ikaenea mkekani, na Thabit hakumwambia aache.