Ndege wa Bwawa la Stesheni

Reli ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ifike Dodoma, na mvua zilikuwa zimejaza bwawa la maji ya garimoshi kando ya stesheni. Madobi, wake wa askari, Wagogo na ng'ombe wao, wote walishuka hapo kugombea maji. Sikudhani alikuwa ameinama anajaza mtungi, kaniki kifuani na kanga nyekundu begani. Aliponyanyua uso alimwona kijana mwenye kanzu iliyochakaa, amekaa juu ya jiwe, amemwelekezea darubini.

"Wee kaka! Kwenu hakuna wanawake?"

Kijana akaishusha darubini. "Wapo, dada. Ila hawana miguu myekundu namna ile."

"Miguu ya nani?"

"Ya huyo aliye nyuma yako. Geuka polepole, asiruke."

Sikudhani akageuka. Kwenye tope alitembea ndege mweupe mwenye mabawa meusi, miguu yake mirefu, myembamba, myekundu kama pilipili. Ukali wote ulimwishia.

Kijana aliitwa Zaidi, mtu wa Kolo. Alimtumikia daktari wa Kidachi aliyependa ndege, na kazi yake ilikuwa kukaa ukingoni mwa bwawa kila alasiri, kisha kwenda kumweleza bwana wake ndege aliowaona.

"Umeajiriwa kutazama ndege!" Sikudhani alicheka mpaka maji yakamwagika.

"Cheka, lakini shika hii uone."

Kupitia darubini aliwaona vitwitwi wadogo wakikimbia ukingoni, wakidona tope, wakisimama ghafla kama walioitwa. Mmoja alionekana karibu mno hata akanyoosha mkono amshike. Sasa akacheka Zaidi.

Tangu hapo kiu ya nyumba yao haikuisha. Shangazi yake Mwantum, aliyemlea baada ya wazazi kufariki, alimwuliza, "Mwanangu, huo mtungi umetoboka?"

"Hapana, shangazi. Foleni."

"Foleni yenyewe ina kanzu?"

Basi mapenzi yakakolea. Lakini Sikudhani alikuwa na siri. Kaka yake Msafiri alitoroka shokoa, kazi ya kulazimishwa, kwenye reli, ng'ambo ya Kilimatinde, akajificha katika matete upande wa pili wa bwawa. Sikudhani alimpelekea chakula alfajiri, wala hakumwambia mtu, hata Zaidi.

Alasiri moja waliketi pamoja. Darubini ya Zaidi ilipita juu ya vitwitwi, ikafika kwenye matete, ikasimama.

"Umeona nini, mpenzi?"

Akaishusha darubini. "Ndege."

Kesho yake askari waliyazingira matete, wakamburuta Msafiri nje.

Sikudhani alikwenda moja kwa moja sokoni, akamkuta Zaidi. "Mbwa wa Mdachi!" alipiga kelele. "Ulimwona kaka yangu kwa hayo macho yako, ukamuuza!"

Watu wakageuka. Zaidi alifungua mdomo, akatazama nyuma ya bega la Sikudhani, akaufunga. Kwa Sikudhani, kimya kile kilikuwa ungamo.

Msafiri alitiwa mnyororo shingoni pamoja na wafungwa wengine. Siku walipoletwa kufagia stesheni, Sikudhani alimpelekea uji.

"Yule kijana wa darubini amepona?" Msafiri aliuliza.

"Usinitajie huyo aliyekuuza."

"Nani kaniuza? Nilijiuza mwenyewe. Nilibanika kambare, moshi ukapanda, wakauona. Yeye alikamatwa baadaye. Shaushi, mkubwa wa askari, alikusikia sokoni ukisema aliniona. Akamwuliza, kama uliona mbona hukusema? Wakampiga viboko hamsa ishirini. Nilikuwa palepale bomani. Hakutamka jina lako."

Sikudhani aliondoka na bakuli mkononi. Hakungoja kulirudisha nyumbani.

Zaidi alikuwa chumbani kwake nyuma ya soko. Daktari alikwisha mfukuza.

"Karibu," alisema. "Kigoda hicho, kaa. Mimi bado siwezi kukaa."

Machozi yakamtoka Sikudhani. "Kwa nini hukujitetea?"

"Ningesema nini? Kwamba nilimwona nikanyamaza? Shaushi alisimama nyuma yako."

"Unanichukia?"

"Nilijaribu. Siku ya kwanza niliweza kidogo."

Asubuhi Sikudhani alisimama sokoni, katikati ya wauza maziwa na tumbaku. "Nilimwita Zaidi mbwa mbele yenu," alisema kwa sauti. "Nilikosea. Hakumuuza mtu. Aliyemponza ni mimi." Wengine waliguna. Mama mmoja wa Kigogo akampa kibuyu cha maziwa ampelekee mgonjwa.

Zaidi alipopata nafuu alikwenda kwa Mwantum kuposa.

"Mimi nimeridhika," Mwantum alisema. "Lakini baba yake hayupo. Wa kumwoza ni kaka yake, na kaka yake yuko kwenye mnyororo."

"Nitamngoja," alisema Zaidi, akaenda kubeba magunia stesheni.

Wakangoja. Mvua zilikatika, bwawa likakauka, zikanyesha tena. Msafiri alipofunguliwa, hakupumzika hata juma. Uani kwa Mwantum, mbele ya mwalimu wa chuo cha Kurani na majirani, aliketi mkekani amekonda, shingo ina kovu la chuma. Akaushika mkono wa Zaidi.

"Nakuoza dada yangu Sikudhani…"

"Nimekubali!"

"Ngoja nimalize, shemeji," alisema Msafiri, na ua mzima ukaangua kicheko.