Mti wa Mzee Mwishehe

Soko la Kimara lilikuwa limefurika Jumamosi ile. Chausiku, kanga ya zambarau kiunoni, alikuwa akifunga mizizi ya dawa pale kijana mrefu, shati jeupe kalichomekea, alipochuchumaa mbele ya meza yake.

"Dada, huu mzizi wa mti gani?"

"Wa mti unaouzwa. Unanunua au unauliza?"

"Nanunua. Na nauliza."

Kijana huyo, Elibariki, alikuwa na kazi ambayo Chausiku hakuwahi kuisikia. Alikausha mimea ndani ya magazeti, akaibandika kwenye karatasi, kisha akaingiza habari zake kwenye kompyuta iliyounganishwa na nyingine duniani kote. Mtafiti aliyeko Brazili akitaka kujua mmea fulani unaota wapi, anafungua tu na kusoma.

"Kwa hiyo mie nikikauka, utaniingiza na mie?"

"Wewe nitakuficha. Wasije wakakutaka."

Chausiku akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Miezi minne ya simu za asubuhi na jioni ikapita. Siku moja Chausiku akampeleka Elibariki kwao Kibamba, nyuma ya nyumba, kwenye mti ambao baba yake, Mzee Mwishehe, aliuita mkazamgongo. Mingine yote ya aina hiyo eneo lile ilishang'olewa na wauza dawa. Ulibaki huu mmoja, na mzee alizikwa kando yake. Chausiku alikata mzizi mmoja kila msimu, akafukia, basi.

"Kata tawi moja," alimwambia. "Ila mtu asijue mti ulipo."

"Haki ya Mungu, mpenzi. Kwenye kompyuta kuna namba zinazoonyesha mahali. Nitazificha."

Jumanne moja asubuhi Chausiku alikuta mti umechimbwa pande zote, mizizi imebebwa, na kaburi limemeguka ubavuni. Jirani yake, Mama Auleria, aliwaona: wanaume wawili wenye majembe, mmoja akisoma kwenye simu.

"Mie nikadhani mmewatuma wajengee kaburi," alisema.

Chausiku alimpigia simu Elibariki.

"Umemuuzia nani kaburi la baba yangu?"

"Chausi, unasema nini?"

"Mti wameuchimba! Walikuwa wanasoma njia kwenye simu!"

"Lakini namba nilificha. Naapa."

"Usiniapie tena."

Akakata. Simu iliita mara tisa, hakupokea. Saa kumi jioni Elibariki alikuwa mlangoni, jasho limemlowesha shati, karatasi mkononi.

"Ondoka, Eli."

"Nitaondoka. Soma kwanza."

Zilikuwa habari za tawi lile, kama zilivyosomwa dunia nzima. Mahali pa namba palikuwa patupu kweli. Lakini chini, kwenye maelezo, paliandikwa: Kibamba, nyuma ya nyumba ya marehemu Mzee Mwishehe, mti pekee, kando ya kaburi.

"Nani kaandika haya?"

"Mie. Kazini tunanakili kila neno la kwenye lebo tunayobandika kando ya mmea, hatuachi kitu. Namba nikazificha, maneno nikayapitisha. Ningeweza kukwambia ni kompyuta. Ni mie."

"Futa!"

"Kwetu nimefuta. Ila hifadhi nyingine sita za kompyuta zilishanakili. Nimeziandikia zote. Mbili zimejibu."

"Na nne?"

Elibariki akaikunja ile karatasi.

Uongo ungemrahisishia Chausiku. Angemfukuza na kulala. Huu ukweli hakujua aupeleke wapi. Akachukua jembe nyuma ya mlango, akamkabidhi.

Walifukia mizizi na kaburi mpaka adhana ya magharibi. Upande mmoja mizizi miwili ilikuwa bado imeshika.

"Mti utapona?" Elibariki aliuliza.

"Sijui."

"Chausi, nilitaka kuleta wazee kwenu mwezi ujao. Sasa hata sijui nianzie wapi."

"Anzia kwa mwenye mti."

Elibariki alipiga magoti kwenye udongo mbichi. Alikuwa mtu wa bara, hakujua watu wa pwani husemaje na marehemu wao. Akasema alichokijua.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe."

Chausiku alimwacha pale muda mrefu, magoti yakizama, kisha akaitika kwa niaba ya baba yake.

"Marahaba."