Kikaango Kilichotobolewa

"Sijauliza kama umekiosha, Kizza. Nimeuliza ulipika nini ndani yake."

Proscovia, mama yake Josline, alikuwa amekiinua kikaango chake cha chapati mbele ya pua ya mdogo wake. Kikaango hicho ndicho kilichowalipia kodi ya nyumba hapo mtaani Hai Cinema, kwa chapati alizouza. Leo kilikuwa na doa la kijivu lililokataa kutoka hata kwa mchanga. Kizza, aliyerudi juzi kutoka machimbo ya dhahabu ya Kapoeta, alidai alikaanga samaki. Mama akamuuliza ni samaki gani huyo asiyeacha harufu wala mwiba.

Josline aliendelea kusukuma chapati, macho chini. Jana, Mama alipokuwa sokoni, mjomba alifunga mlango wa jikoni, akaweka kitonge cheupe cha kung'aa kwenye kikaango, akakichoma mpaka ikabaki dhahabu tupu. Kisha akamwahidi Josline vipuli ili anyamaze.

Shamis, jirani mwenye duka, alikuwa amekwisha kufika mlangoni na bakuli la kuchukulia chapati za wanawe. Mama akateleka kikaango motoni, akanyoosha mkono apewe chapati ya kwanza. Josline hakumpa.

"Mama, jana mjomba alifunga mlango, akachomea dhahabu humo mbele yangu. Ilikuwa imechanganywa na zebaki. Kisha akaniahidi vipuli ninyamaze."

Mama alikiepua kikaango upesi. Kizza akacheka. "Dada, zebaki yote ilipaa na moshi. Moto husafisha."

"Haikuisha," alisema Josline. "Mwalimu alitufundisha. Elementi mbili tu ni kimiminika katika joto la kawaida, bromini na zebaki. Zebaki ikichomwa huwa mvuke wenye sumu. Ukipoa, hurudi kuwa zebaki, ukutani na kwenye vyombo."

"Mlango uliufungia nini?" Mama aliuliza.

Kizza alisema aliogopa wezi.

"Wezi uliwaogopa. Kumvutisha mwanangu sumu hukuogopa."

Kizza akamsihi asikitupe, chombo kizima namna hiyo. Mama alikitoa nje, akachukua nyundo na msumari, akakitoboa, akakitoboa tena, asije mtu akakiokota akapikia. Akamweleza Shamis kwa nini leo hakuna chapati, akafungua madirisha yote, akakifunga kikaango ndani ya mfuko wa plastiki na kumbebesha Kizza, pamoja na chupa ya zebaki aliyokuja nayo kutoka machimboni.

"Tunakwenda kliniki, mpimwe wote wawili. Watatuambia pia pa kuvipeleka hivi." Akamgeukia binti yake. "Na wewe, ungesema jana, tusingelala ndani ya sumu. Anayekulipa unyamaze anajua anatenda baya, hata akiwa mjomba. Lakini umesema kabla mtoto wa mtu hajala. Vaa viatu."

Josline akavaa, wakaondoka.