Kikopo cha Nancy

Kila asubuhi Naomi alishuka ziwani Matema kuosha vyombo. Binti yake Nancy aliogelea karibu yake. Lakini siku hizo Nancy alikuwa akitoka chooni analia.

"Mama, kunaunguza! Na damu imetoka tena."

Mtoto mdogo hivi, damu ya nini? Naomi aliogopa sana.

Ndipo watafiti wa afya wakafika kijijini. Mkutano ukaitishwa shuleni. Naomi akaenda mbio, mdogo wake Nancy mgongoni. Alipofika, lo! Mzee Andrea, baba mkwe wake, amekaa palepale mlangoni. Na kwa desturi ya Wanyakyusa, mke wa mwana hapiti mbele ya baba mkwe, wala hamtazami usoni. Angeingiaje? Alijibanza migombani na hakusikia kitu. Akaambulia maneno ya njiani.

"Wanachukua mikojo ya mabinti zetu ili wasije kuzaa," jirani alimnong'oneza.

Hee! Naomi aliamini. Kukataa mbele za watu aliona aibu. Basi alipopewa kikopo cha Nancy, alimkojolesha humo yule mdogo wa kiume, ambaye hajawahi kuoga ziwani.

Majibu yakaja: Nancy hana ugonjwa. Wenzake waliokutwa nao wakapewa dawa, yeye akakosa. Damu ikazidi. Nancy akawa hali, hachezi. Mficha maradhi, kifo humuumbua! Naomi alilijua neno hilo, na usingizi ukamruka. Mwishowe akaenda kwa Beatrice, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Dada Beatrice, namuua mwanangu mwenyewe!" Akaeleza yote huku analia.

"Pole, mama Nancy. Hafi huyu," alisema Beatrice. "Hicho kinaonekana ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, vikapenya kwenye ngozi. Dawa ipo. Kesho twende zahanati."

"Na mikojo wanaipeleka wapi?"

"Wanaangalia mayai ya kichocho, basi. Wanataka kujua ufuko gani una wagonjwa wengi, ili tupange pamoja pa kuchimba visima. Kushiriki ni hiari. Hata ungekataa, dawa angepata. Lakini mbona hukuuliza mkutanoni?"

"Ningeingiaje? Mkwe wangu alikaa mlangoni!"

Beatrice alijishika kichwa. "Jamani! Wageni hawakujua. Lakini mimi, mzaliwa wa hapa, nimesahauje?"

Kesho yake Nancy alipimwa upya. Kweli, kichocho. Akala, akameza dawa. Watafiti hawakumgombeza Naomi. Walimsikiliza, kisha wakaitisha mkutano mwingine, wa akina mama peke yao.

Mzee Andrea aliposikia, akatuma ujumbe kupitia Beatrice: "Mwambie mkwe wangu, siku hiyo nitashinda kwenye shamba langu la kakao. Apite njia kuu. Aulize mpaka achoke."

Naomi akauliza kweli. Wenzake nao wakafunguka: hata wao walibadilisha vikopo! Watafiti wakatazamana. Walikuwa karibu kuandika kwamba ufuko ule ni salama. Watoto wote wakapimwa upya, na kisima kikachimbwa hapohapo kijijini.

Siku moja Naomi alikuwa kisimani anasugua sufuria. Sauti ya Nancy ikatoka chooni.

"Mama! Mama, njoo!"

Sufuria ikamponyoka. Alikimbia hadi mlango wa choo.

"Njoo uone, mama. Hakuna damu!"

Naomi alikaa chini palepale mlangoni, akalia. "Ndaga, Mungu wangu," alisema. "Asante."